Kilio cha Mwalimu wa Mbogo

Mukuka alikuwa mfupi. Tuanzie hapo, maana hata adui zake walianzia hapo.

Kazi yake ilikuwa matofali. Mchana alijenga nyumba za wazungu mjini Élisabethville, kule Kongo, nyumba za vyumba vingi na veranda mbele. Jioni alirudi kwake mtaa wa Kenya, kwenye lupango, yaani ua, lenye nyumba ndogo ambayo hakupata kamwe nafasi ya kuimaliza. Mke wake Victorine alikuwa anamwambia kila mgeni: "Ingia, baba. Lakini usiegemee ukuta. Fundi iko kazini."

Jumapili Mukuka alikuwa mtu mwingine. Jumapili alikuwa antrenere, mwalimu wa mpira wa timu ya Mbogo.

Kando ya kiwanja cha Mbogo kulikuwa na kichuguu. Mchwa walikijenga zamani, wakakiacha, na kilikuwa kigumu kuliko nyumba nyingi za pale. Mwalimu wa Mbogo alisimama juu ya kichuguu hicho. Ndiyo ilikuwa desturi. Wachezaji chini, mashabiki chini, prezida wa timu na miwani yake chini. Mukuka juu. Kutoka pale aliona utosi wa watu, kitu ambacho siku nyingine hakuonyeshwa. Na kule kwa akina mama wenye madebe ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, alimwona Victorine, amekinga jua kwa mkono, anamtazama. Wiki nzima alibeba matofali kwa ajili ya ile saa ya kutazamwa.

Shida ilikuwa moja tu. Mbogo walikuwa wanafungwa.

Mwaka ule wa hamsini na nne walifungwa na kila aliyekuja. Walifungwa na wapishi. Walifungwa na polisi, ambao nusu yao walicheza na viatu vya kazi. Walifungwa na waseminari waliokunja kanzu kiunoni, na wale waseminari waliomba msamaha kila walipotia goli, jambo lililouma zaidi.

Siyo kwamba Mukuka hakufundisha. Alifundisha kama alivyojenga. Alikuwa na timazi yake, kile kipande cha risasi kwenye uzi ambacho fundi huning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Kabla ya mchezo alisimama juu ya kichuguu, akanyoosha mkono, akaning'iniza timazi, akafumba jicho moja, akawatazama mabeki wake.

"Nyoosheni mukuta!" alipiga kelele. "Weye wa kushoto, unatoka inje kama tumbo!"

Kisha aliwaambia neno lake, lile lile kila Jumapili, na uso wa mtu anayesoma Injili:

"Mupira haina miguu. Weye njo iko na miguu. Sasa nani ataenda kwa mwenzake?"

Wachezaji walitazama chini. Mmoja alipiga miayo. Halafu waliingia uwanjani wakafungwa.

*

Jumapili moja walifungwa tena, na jua halijazama bado komite ilifika kwenye lupango. Mbele alikuwa Émile, prezida. Émile alikuwa karani, na miwani aliivaa Jumapili tu, siku ambayo hakuwa na kitu cha kusoma. Nyuma yake, wa mwisho, alikuja Yuma, golikipa, anatafuna karanga.

"Baba Wivine," akasema Émile. Wivine ndiye mzaliwa wa kwanza wa Mukuka, alikuwa amekwisha kuolewa. "Tumekaa. Tumeangalia. Tumeona iko lazima ya changement."

"Ya nini?" akauliza Victorine kutoka jikoni.

"Mabadiliko, Mama Wivine. Kichwa ya timu. Si kwa ubaya. Angalieni Umeme, bale ba kule mutaa ya Albert. Bilikuwa vibaya kwao kama kwetu. Bakafukuza antrenere wao katikati ya mashindano, na Jumapili ile ile bakashinda."

"Bakashinda nani?"

Émile alivua miwani, akaifuta.

"Siye," akasema.

Victorine alitoka jikoni na mwiko wa bukari, ugali wao, mkononi.

"Yuma anatoka mu goli kwenda kununua karanga. Mupira inapita nyuma yake. Anauliza bantu, 'Iko nini, mbona banapiga makelele?' Na munakuya kufukuza bwana yangu?"

Yuma aliacha kutafuna.

"Mama, nilikuwa na njaa," akasema.

"Timu haifukuze bachezaji kumi na mumoja," akasema Émile. "Banatoka wapi wengine? Lakini antrenere iko mumoja."

Hapo alisema kweli, na ndiyo sababu hasa. Mukuka mwenyewe aliiona. Ukuta ukipinda, huwezi kufukuza kila tofali.

"Na kichuguu?" aliuliza.

"Kichuguu iko ya timu," akasema Émile kwa upole. "Kesho nitapita kuchukua filimbi na mipira."

Walipokwenda, Mukuka alikaa kwenye kiti chake. Miguu yake haikufika chini vizuri. Victorine alimtazama. Alikuwa mwanamke wa kusema. Siku ile alimpa bukari tu.

*

Sasa lazima kumjua Mwape.

Mwape alikuwa fundi cherehani, mrefu kama mlingoti, anashona kwenye veranda ya duka la Mgriki mmoja. Yeye na Mukuka walitoka nchi moja, kule upande wa Luapula. Mukuka alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Mwape alikuwa wa ukoo wa Chui. Kwa watu wao, Chui na Mbuzi ni banungwe. Wanatukanana bila kukasirika. Mmoja anachukua kuku wa mwingine, na hakuna kesi. Na mmoja akifa, mwingine ndiye anayemchimbia kaburi, ndiye anayevaa nguo zake na kumwigiza mbele ya waombolezaji, sauti yake, mwendo wake, uchoyo wake, mpaka walie kwa kucheka. Kumkasirikia munungwe wako ni marufuku. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Jumatatu jioni Mwape alifika kwenye lupango la Mukuka amejipaka majivu usoni.

"Yoooo!" alilia kutoka barabarani. "Nyama yangu imekufa! Imekufa na sijaikula!"

Watu walitoka kwenye nyumba zao.

"Siyakufa," akasema Mukuka. Alikuwa anakula.

"Mufu anasema! Mama Wivine, funga yeye kinywa, bantu bataogopa!" Mwape alijitupa chini, akagaagaa kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu ya suruali. "Mbuzi yangu! Nilikuwa naichunga ya Noeli!"

Wachezaji wa Mbogo walikuwapo pia. Walikuja kumpa pole mwalimu wao, na kwa aibu walikaa upande wa ukuta ambao mgeni haruhusiwi kuegemea. Majirani walijaa. Hakuna aliyeuliza maana yake. Munungwe amekuja kulia, basi ni kilio. Kama mtu amefukuzwa na wala hajafa, hayo ni mambo madogo.

Mwape alisimama. Koti la Mukuka lilikuwa kwenye msumari. Alilivaa, mikono ilimfika kwenye viwiko. Alipindua beseni la kufulia la Victorine, akapanda juu. Ndani ya suruali yake pana alikunja magoti, akashuka, akashuka, mpaka akawa mfupi kama Mukuka hasa. Mtu mmoja alianza kucheka. Mwape hakucheka. Kwenye ungo wa Victorine alichukua kitoyo, samaki mkavu wa chumvi, akamfunga mkia kwa uzi wake wa kushonea. Akanyoosha mkono. Akamning'iniza. Akafumba jicho moja.

"Nyoosheni mukuta!" akapiga kelele, na ilikuwa sauti ya Mukuka, ile ile, na kikohozi chake mwishoni.

Mabeki wa Mbogo waliokuwa wamekaa walisimama, wakajipanga. Hawakujua kwa nini.

"Weye wa kushoto! Unatoka inje kama tumbo!"

Wa kushoto alirudi ndani, machozi yanamtoka.

"Mupira haina miguu," akasema Mwape, na uso wa Injili. "Weye njo iko na miguu..."

Hakumaliza. Antoine, mshambuliaji, alianguka chini ameshika shavu, maana tangu mashindano yaanze alikuwa na jino bovu na kucheka kulimuumiza, naye hakuweza kuacha.

Na Victorine alicheka.

Kicheko cha Victorine kilianza kimya, kama maji yanayotaka kuchemka, kisha kifuniko kiliruka. Mukuka alimwoa kwa ajili ya kicheko hicho. Tangu Mbogo waanze kufungwa hakukisikia ndani ya nyumba. Sasa amekisikia, na anayechekesha ni mwanamume mwingine, ndani ya koti lake, kwa maneno yake. Mukuka aliendelea kula.

Mlangoni alikuwa amesimama Émile, amekuja kuchukua filimbi. Aliwaona mabeki wamejipanga wima kama hawajawahi. Aliona macho yao yanang'aa.

"Voilà," akasema Émile.

Kila mtu aligeukia mlangoni.

"Voilà nini?" akauliza Mwape juu ya beseni.

"Antrenere."

Mwape alicheka, akaona anacheka peke yake. Alinyoosha magoti, akarudi kuwa mrefu.

"Prezida, miye sijui mupira. Miye nashona."

"Nimeona na macho yangu. Bachezaji banakusikia."

"Hawasikie miye! Banasikia huyu!" Akamwonyesha Mukuka kwa samaki.

"Kwako banamusikia muzuri zaidi," akasema Émile.

Watu walimtazama Mukuka. Mukuka alitazama sahani. Angeweza kusema nini? Munungwe akiingia kwenye kilio chako, anachochukua kimekwenda. Akichukua kuku, kuku. Akichukua koti, koti. Hakuna mzee aliyewahi kusema kama kichuguu kimo au hakimo.

"Chukua," akasema.

*

Jumapili iliyofuata Mukuka alisema haendi kiwanjani. Alikwenda. Alijificha nyuma ya akina mama wa munkoyo, na kwa mara ya kwanza ufupi wake ulimfaa.

Mwape alipanda kichuguu na koti, akakunja magoti, akaning'iniza samaki. Kiwanja kizima kililia kwa kucheka. Mbogo waliingia uwanjani wakiwa bado wanacheka, wakakimbia kama watu waliofunguliwa kamba, na wakashinda. Yuma alisimama golini mchezo mzima. Jumapili nyingine wakashinda tena.

Jioni watu walikaa kwa Alima, mama mmoja wa Maniema aliyeuza munkoyo mtamu kuliko wote Kenya, wakaongea.

"Munaona? Kufukuza inasaidia."

"Inasaidia sana. Mutu mupya analeta nguvu mupya."

"Nguvu gani?" akasema Mukuka kutoka pembeni. "Maneno iko yangu! Koti iko yangu! Mupya iko samaki peke yake!"

"Lakini imeshinda, muzee."

"Na jino ya Antoine?"

"Jino inafanya nini hapa?"

"Aling'olewa jino wiki ile ile! Nani alishinda, Mwape ao mung'oa meno? Mbona hamubebe mung'oa meno kwa mabega?"

Walicheka mpaka munkoyo ukamwagika. Mukuka hakuona cha kuchekesha. Alikuwa anasema kweli tupu. Hiyo ilikuwa bahati yake mbaya tangu kuzaliwa: kila akisema kweli, watu wanashika mbavu, au wanapiga miayo, na hakujua kamwe kabla ni kipi kitakuja.

Hata hivyo kila Jumapili alikwenda nyuma ya akina mama. Alimtazama Mwape kama fundi anavyotazama ukuta wa fundi mwingine, kutafuta ufa. Na aliuona. Mpira ukikaribia goli, mguu wa kulia wa Mwape ulianza kupiga chini, haraka haraka, kisigino juu, kisigino chini. Mwenyewe hakujua. Alikuwa anakanyaga cherehani. Hatari ikizidi, alishona kichuguu kizima. Mukuka aliyaweka hayo moyoni.

*

Halafu kicheko kilikauka.

Samaki mara ya kwanza ni samaki. Akirudi kila Jumapili ni kitoweo. Wachezaji walikuwa wanajua kila kitu kabla Mwape hajakifanya. Beki wa kushoto aliingia ndani kabla hajaitwa tumbo. Mbogo walifungwa na wapishi, kisha wakafungwa na wale waseminari, ambao sasa hawakuomba hata msamaha.

Mwape hakuwa na kingine. Yote aliyokuwa nayo aliyatoa kwa Mukuka, na Mukuka alikuwa hafundishi tena, hivyo hakuna kipya cha kuiba. Jioni moja akafika kwenye lupango, akakaa, akamtazama Mukuka.

Mukuka alitazama ukuta wake.

"Mbuzi yangu," akasema Mwape.

"Chui."

"Fanya kintu basi."

"Kintu gani?"

"Kintu yote. Jikune. Gombana na bibi yako."

Mukuka aliweka mikono juu ya magoti, akakaa wima kama sanamu ya mtakatifu kanisani. Hata jicho alilipepesa kwa shida. Victorine aliwatazama, huyu anamkodolea yule, akarudi jikoni akiwa ameziba kinywa.

Mwishowe Mukuka alibanwa na mkojo. Alisimama kwenda nyuma ya nyumba, na njiani wazo baya lilimwingia. Aliburuta mguu wa kushoto. Aliuburuta kwenda, akauburuta kurudi, akajishika kiuno, akaugua kidogo. Aliona macho ya Mwape yamewaka.

Jumapili Mwape alipanda kichuguu akiburuta mguu wa kushoto, ameshika kiuno, anaugua. Watu walitazamana.

"Amekuwa mugonjwa?" mama mmoja aliuliza.

Hakuna aliyecheka, kwa maana hakuna aliyemjua mtu yule. Mbogo walifungwa vibaya. Yuma alirudi kwenye karanga zake. Na kabla jua halijazama, Émile na komite walikuwa wanaelekea kwa Mwape na neno lao lile lile, changement.

Mukuka alirudi nyumbani anapiga mluzi. Victorine alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni.

"Ule mguu," akasema. "Tangu lini uko na mguu?"

Mluzi uliisha.

"Kutukana munungwe, ndiyo. Kuiba kuku yake, ndiyo. Lakini yeye alikuya hapa kulia kilio yako, na weye umemuuzia mguu ya uongo. Sasa umeshinda nini? Uko juu ya kichuguu?"

"Siko."

"Basi kesho utaenda kumulilia."

"Miye? Mama Wivine, miye sichekeshe bantu. Haiko kazi yangu."

"Njo sheria. Kama hautamuzika, na weye nani atakuzika? Émile?"

Mukuka aliwaza Émile akimchimbia kaburi na miwani.

*

Jumatatu Victorine mwenyewe alimpaka majivu. Aliyapaka vizuri, mashavuni na kwenye paji la uso, kwa kidole chake kikavu cha sabuni, na alipomaliza aliacha mkono hapo kidogo.

"Uko muzuri," akasema. "Uko kama mandazi."

Kwa Mwape kulikuwa kumejaa. Wachezaji, majirani, Alima na debe lake. Mwape alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, macho wazi, maana alitaka kuona. Koti la Mukuka lilikuwa kwenye msumari.

Mukuka alilia kidogo mlangoni. Kilio chake kilikuwa kama cha mtu anayesafisha koo. Watu walingoja. Alitwaa koti, akalivaa. Lilikuwa lake, likamkaa. Mtu alileta beseni, akalipindua. Mukuka akapanda. Na pale juu kichwa chake kikawa tupu kabisa.

Kumwigiza Mwape ni kumwigiza nani? Mwape juu ya kichuguu alikuwa Mukuka. Basi afanye nini, ajiigize? Jasho lilichora mistari kwenye majivu. Kwa kukosa njia alifanya lile alilolijua. Alinyoosha mkono. Mkononi hakukuwa na timazi wala samaki. Alifumba jicho moja. Akasema, kwa sauti yake ya siku zote, kwa uso wake wa siku zote, bila utani hata chembe:

"Mupira haina miguu."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko.

Mukuka aliwatazama. Hakuwa ameanza bado. Kikohozi kikamtoka, na kile kikohozi kiliwaangusha wale waliokuwa bado wamesimama. Antoine, ambaye jino halikumzuia tena, alipiga ngumi ukuta. Mukuka alifahamu hapo, polepole, kama tofali linavyokauka: hivi ndivyo nilivyo. Siku zote nilikuwa hivi. Walikuwa wanaogopa kucheka tu.

Ilikuwa habari ya kuuma. Lakini basi akasikia, nyuma kule mlangoni, maji yanataka kuchemka.

Akakumbuka mguu. Si ule wa uongo. Alitazama mbali, kama mtu anayeona mpira unakaribia goli, na kisigino chake cha kulia kikaanza kupiga juu ya beseni, juu, chini, juu, chini, haraka, haraka zaidi, mikono inasukuma kitambaa kisichoonekana. Akashona. Akashona mpaka beseni likalia kama ngoma.

"Haiko miye!" Maiti ilikaa kwenye mkeka. "Miye sifanye vile!"

"Unafanya!" walipiga kelele wote.

"Kila siku!" akasema Yuma. "Miye kule mu goli nilikuwa naangalia mguu. Ikianza kushona, najua mupira iko karibu!"

Mwape alianguka tena chini ya blanketi, na blanketi lilitetemeka. Na kifuniko cha Victorine kiliruka. Kicheko kilitoka chote, kikapita juu ya vichwa vya watu, kikamfikia Mukuka juu ya beseni. Safari hii kilikuwa chake. Wale waliokisikia siku ile wamebaki wachache, na nyumba ile ya Mwape haikusikia tena kicheko kama kile.

Émile alikuwa mlangoni. Amekuja kuchukua filimbi.

"Voilà," akasema.

"Voilà nini?" akauliza Mukuka, ingawa alijua.

"Antrenere mupya."

"Mupya? Miye? Umenifukuza juzi!"

"Changement," akasema Émile, na hakuona haya hata kidogo. "Mutu mupya analeta nguvu mupya."

Mukuka alifikiri. Kwenda juu ya kichuguu kuchekwa? Alimtazama Victorine. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Lakini sitasema kintu ya kuchekesha," akasema Mukuka kwa ukali. "Nitasema kweli tu."

"Njo ile ile," ikasema maiti. "Usibadilishe hata kidogo, mbuzi yangu."

Mwape aliomba koti kwa usiku huo tu, ashone kiwiko kilichopasuka, na alilirudisha.

*

Jumapili walikuja Umeme. Umeme nao walikuwa wamemfukuza yule antrenere wao mpya, na sasa walikuwa na mwingine, ambaye alikuwa yule wa kwanza. Hivyo upande huu na upande ule walisimama watu wawili waliofukuzwa na kurudishwa, na wote wawili waliitwa wapya.

Mukuka alipanda kichuguu. Mchwa hawakuwa wamekibadilisha. Aliona utosi wa watu. Aliona Mwape chini, kisigino tayari kinagonga. Aliona akina mama, na mkono mmoja unaokinga jua.

Mbogo walijipanga. Mukuka alitia mkono mfukoni mwa koti kutoa timazi yake, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akaachia uzi.

Kwenye uzi alikuwa samaki.

Mwape alitazama mawingu. Mukuka alimtazama yule kitoyo, na kitoyo kwa jicho lake kavu alimtazama Mukuka. Upepo mdogo ulimzungusha nusu, ukamwacha. Akatulia. Alining'inia wima. Wima kabisa, kama risasi.

Mukuka alifumba jicho moja.

"Nyoosheni mukuta," akasema.

Kicheko kikaanza kwa akina mama, na hakuhitaji kugeuka ajue cha nani. Mabeki walinyoosha. Siku ile Mbogo walitoka sare, goli moja kwa moja, na Yuma hakununua karanga. Katikati ya mchezo, Umeme walipotia goli lao, Émile alivua miwani, akawageukia wenzake wa komite, akaanza kusema neno lake. Victorine, nyuma yake, alikuwa amekwisha kuvua kiatu na kukiinua.